Neno moja kwenye karatasi mbili: mavyaa hali, na binti hataki kula

Assalam aleikum, Shangazi.

Nakuandikia usiku watu wamelala, maana mchana nyumba hii haimpi mtu nafasi ya kushika kalamu. Naishi Majengo na mume wangu, mavyaa wangu na watoto wangu wanne. Binti yangu mkubwa ana miaka 21, na inshallah mwezi ujao twamuoza.

Tangu fundi ampime gauni la kupambwa, amekuwa na jambo moja tu: apungue. Mwanamke mmoja anayepitisha manukato na mafuta ya nywele kwenye saluni akamuuzia chupa ya vidonge kwa shilingi 2,500, akamwambia ni miti shamba, haina neno. Mimi sikujua. Nilichojua ni kuwa nafunua kawa usiku nakuta sahani yake vile nilivyoiacha, wali umeganda, samaki hajadonolewa. Nikimuuliza, jibu ni moja: "Mama, sina hamu." Usiku halali, namsikia akitembeatembea. Juzi aliushika mkono wangu akauweka kifuani pake. "Hebu sikia, mama." Moyo ulikuwa wamwenda mbio kama mtu aliyekimbilia feri.

Mavyaa naye ana miaka 68, ana sukari na anameza vidonge vyake miaka mingi. Wiki ya tatu sasa hali. Mahamri na mbaazi, alivyokuwa akivigombea kila asubuhi, siku hizi anavunja kipande, anakizungusha mdomoni, anakitoa na kukiweka kwenye kisosi. Dera linamwelea. Nilimpeleka zahanati, daktari akamtazama, akaandika kwenye kitabu chake, akampa vitamini na kusema turudi baada ya wiki 2.

Sasa sikiliza fitina ilivyoingia. Nikitandika kitanda cha binti nikaipata ile chupa chini ya mto, ndani mna kijikaratasi kilichokunjwa mara nane. Kijana wangu wa kidato cha 3 akakisoma, akakuta neno "anorectic". Akasema, mbona neno kama hili nimeliona kwenye kitabu cha nyanya? Tukakifungua, na kweli, daktari ameandika "Anorexia 3/52". Kijana akaingia kwenye simu, akatoka na jawabu kwamba huo ni ugonjwa wa akili wa wasichana wa Ulaya wanaojinyima chakula ili wakonde, na wengine hufa. Hiyo 3/52 akasema huenda ni alama, kama za mtihani, kwamba amepimwa akapata 3 kwa 52.

Shangazi, nilichanganyikiwa. Nikawaza mawili: ama mavyaa amekuwa akimeza vidonge vya mjukuu akidhani ni vyake vya sukari, ama daktari amemwandika mama wa watu kuwa hana akili timamu. Na mimi, kwa haraka yangu, nikamuuliza mbele ya watoto kama amewahi kuishika ile chupa. Alinitazama kitambo. "Umri huu nimekuwa mwizi wa dawa?" Tangu siku hiyo hasemi nami. Kahawa yake anapikiwa na wifi yangu.

Nifafanulie neno hili, tafadhali. Ni ugonjwa au ni dawa? Na nifanye nini na watu wangu hawa wawili?

Mama wa Bi Harusi, Majengo

*

Waaleikum salaam, mwanangu.

Neno nitakufafanulia, tena kwa urefu, kwa sababu nilivaa sare ya uuguzi miaka 26 na si mara ya kwanza kuliona likivuruga nyumba. Lakini kuna jambo halingoji maelezo, na ningependa ulisome hili kwanza.

Mavyaa wako anameza vidonge vya sukari na hali. Baadhi ya vidonge hivyo, kama glibenklamaidi, huishusha sukari ya damu, mtu awe amekula au hajala. Mzee anayevimeza na tumbo tupu anaweza kutokwa na jasho la baridi, akatetemeka, akaweweseka, hata akazimia, na likitokea usiku mnadhani amelala tu. Usingoje zile wiki 2. Kesho asubuhi mrudishe, na vidonge vyake vyote mkononi, na maneno ya kwanza umwambie daktari yawe haya: "Anameza dawa ya sukari, na hali." Usimwachishe dawa kwa shauri lako, daktari ndiye atakayesema ipi ipunguzwe na ipi ibaki. Zile dalili zikimtokea kabla hamjafika, na anaweza kumeza, mpe maji yaliyokorogwa sukari au soda ya kawaida, kisha hospitali mara moja. Akizimia, usimtie kitu mdomoni; mkimbize.

Binti naye aviache vidonge hivyo leo hii, na kesho aandamane na nyanyake apimwe presha na mapigo ya moyo. Moyo uliousikia kwa mkono wako si wa kungoja harusi ipite. Akilalamika kifua kumbana, pumzi kumkata, kichwa kumpiga ghafla au mdomo kwenda upande, hiyo ni Hospitali Kuu ya Pwani, chumba cha dharura, hata iwe saa nane za usiku.

Sasa neno lenyewe.

Limetoka Kigiriki. Wagiriki wana neno "orexis", yaani hamu, kule kukitaka kitu. Ukitanguliza "an" umesema kukosa. Anoreksia, basi, ni kukosa hamu ya kula. Ni maneno yale yale binti yako anayokujibu kila ukifunua kawa.

Na sisi tunaosema Kiswahili tuna urahisi wetu hapa, kwani lugha yetu haikuchanganya njaa na hamu. Njaa ni ya tumbo. Hamu iko juu zaidi, kwenye ulimi na moyo. Mtu aliyetoka kwenye malaria anaweza kulisikia tumbo linanguruma, na hapo hapo harufu ya kitunguu kinachokaangwa ikamtia kichefuchefu: ana njaa, hana hamu. Na mtu aliyekula biriani ya harusi akashiba akaegemea ukuta, ukimletea sahani ya kaimati zenye shira atajitafutia nafasi: njaa hana, hamu anayo. Anoreksia ni kukosa hiyo hamu.

Twende kwenye kitabu cha mavyaa. Madaktari wetu wamerithi mkato wa kuandika ambao hawaufafanui kwa mgonjwa, na hili limenikera tangu nilipokuwa mwanafunzi, maana kitabu ni cha mgonjwa na analala nacho chini ya mto. Mwaka una wiki 52, kwa hiyo 3/52 ni wiki 3. Wiki ina siku 7, kwa hiyo ungeona 3/7 ungejua ni siku 3, na 3/12 ni miezi 3. Mstari uliowatia homa nyumba nzima unasomeka hivi: hana hamu ya kula, wiki ya tatu. Ndivyo mavyaa wako alivyomwambia daktari kwa kinywa chake, naye akayaandika maneno yake kwa lugha ya kazi. Hakuandikwa wazimu, na hakuna popote palipoandikwa kuwa amemeza dawa ya mtu.

Hapo anoreksia ni dalili, kama homa ilivyo dalili. Mtu akikwambia mwanao ana homa hujaambiwa anaumwa nini, umeambiwa utafute. Ndiyo maana vitamini peke yake hainiridhishi. Mwanamke wa miaka 68 asiyekula wiki 3, na dera linamwelea, anahitaji kutafutwa. Muulize kama anakohoa, kama jioni anapata homa, kama usiku anaamka shuka limelowa jasho, kwa sababu kifua kikuu huanza na kukosa hamu na kupungua hivyo hivyo, na kipimo chake cha makohozi katika hospitali za serikali ni bure. Apimwe sukari, figo na ini. Atazamwe mdomo na meno pia. Nimewaona wazee waliochunguzwa tumbo wiki nzima kumbe jino moja limeoza, wanaogopa kutafuna. Na vidonge vyake vyenyewe vitazamwe, kwani metformini, inayotumika sana kwa sukari, ni maarufu kwa kumuondolea mtu hamu ya chakula. Ukikifungua kijikaratasi cha dawa nyingi, kwenye orodha ya madhara utalikuta neno hilo hilo, "anorexia". Hapo halitaji ugonjwa wala aina ya dawa. Linakuonya tu kwamba dawa hii inaweza kukuharibia ulaji.

Kijana wako alichokisoma kwenye simu nacho si uongo, ila ni kitu kingine chenye jina refu zaidi: anoreksia nevosa. Mwaka 1873 madaktari wawili, William Gull wa London na Charles Lasègue wa Paris, kila mmoja kwa upande wake, walieleza habari za wasichana waliojinyima chakula hadi kubaki mifupa bila ya ugonjwa wowote wa tumbo au kifua. Gull ndiye aliyeupa jina hilo. Watu wakalifupisha wakasema anoreksia, na hapo ndipo mkorogo ulipoanza, kwa sababu dalili nayo inaitwa hivyo hivyo. Tena jina lenyewe halikukaa sawa hata kwa ugonjwa huo: wengi wa wagonjwa wake njaa wanaisikia, tena inawatesa, ila wanaishinda kwa hofu ya kunenepa. Mwambie kijana pia kwamba si ugonjwa wa Ulaya. Hofu haina bara, na wavulana nao huupata.

Sasa ile chupa. "Anorectic", ambalo tunaweza kuliandika anorektiki, ni sifa ya dawa: dawa inayokata hamu ya kula. Vitabu vingine huiita anoreksianti, vingine anoreksijeniki; ni walewale. Kwa hiyo neno la kwenye kitabu na neno la kwenye chupa ni mtu na nduguye. Kitabu kinasema hamu imeondoka na hatujui imeondolewa na nini. Chupa inasema mimi ndiye muondoaji. Kile ambacho mavyaa wako amenyang'anywa, mjukuu wake amekinunua kwa shilingi 2,500.

Ukitaka kujua dawa kama hizi zinavyofanya kazi, huna haja ya kwenda mbali. Watazame vijana wa mtaani kwako wanaokaa na muguka, yale majani ya jamii ya miraa, wakitafuna tangu alasiri. Sahani ya mtu inaletwa, inapoa, inarudishwa jikoni. Macho makavu, mdomo mkavu, usingizi hakuna, moyo unadunda. Kwenye majani yale mna kemikali iitwayo kathinoni, ambayo kwa umbo ni jamaa wa karibu wa amfetamini, na amfetamini ilikuwa miongoni mwa dawa za kwanza kutumika kukata hamu, tangu miaka ya 1930. Zinauzindua ubongo kana kwamba kuna hatari mbele, na mwili ulio katika hatari hautaki chakula. Serikali ya kaunti ya Mombasa ilipoipiga muguka marufuku Mei 2024 watu walibishana mno kuhusu usingizi, kazi na akili za vijana. Mimi nilikuwa nikiwafikiria mama zao, wanaofunika sahani kama wewe.

Sisemi binti yako amemeza muguka, wala siwezi kujua kilichomo kwenye chupa ambayo haina jina la kiwanda. Lakini mapigo mbio na kukosa usingizi ni alama za aina hiyo ya dawa, si za mti shamba usio na neno. Na historia ya dawa hizi inatisha kidogo. Fenfluramini ilipendwa sana Marekani hadi ilipogundulika inaharibu vali za moyo, ikaondolewa sokoni mwaka 1997. Sibutramini iliagizwa na madaktari kwa miaka, ikaondolewa Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu ya mshtuko wa moyo na kiharusi. Kuondolewa hakukuimaliza. Sibutramini imekutwa mara nyingi katika nchi mbalimbali ikiwa imechanganywa kimyakimya ndani ya vidonge na chai za kupunguza mwili zilizoandikwa "asilia" nje. Kwa hiyo mtu akikwambia ni miti shamba, na siku ya pili tu mwanao hali wala halali, usibishane naye kuhusu mti. Jiulize kuna nini ndani.

Zipo dawa halali za kukata hamu, nisije nikaeleweka vibaya. Fentamini imekuwa ikiagizwa Marekani tangu 1959, kwa muda mfupi na kwa kupimwa. Sindano za semaglutaidi, zilizoanza kama dawa ya sukari mwaka 2017 huko huko Marekani na kuruhusiwa kwa unene mwaka 2021, zinaiga homoni ya utumbo inayouambia ubongo kwamba umeshiba, na kulifanya tumbo lichelewe kumwaga chakula. Hizo nazo zina madhara yake na zinataka daktari, na zimewekwa kwa watu ambao unene umeshakuwa maradhi. Bibi harusi anayetaka zipu ipande hayumo. Na si kila dawa ya kupunguza mwili ni anorektiki: orlistati haigusi hamu hata kidogo, inayazuia mafuta ya chakula yasiingie mwilini, na ukila bhajia ukaimeza utajua mwenyewe chooni.

Kuna jambo moja kuhusu binti yako ambalo wewe tu unaweza kuliona. Mwangalie baada ya kuacha vidonge. Siku chache za uchovu na unyonge si ajabu. Lakini ikiwa hamu itarudi na bado anakikwepa chakula, akijitazama kwenye kioo anajiona mnene na mabega yametoka mifupa, anaficha mkate kwenye mkoba, siku zake zimekatika, basi tunazungumzia ule ugonjwa wa Gull, na huo dawa yake ni daktari wa akili na mshauri. Makofi ya mama hayautibu. Msemeshe taratibu. Usimwambie "kula", muulize nani alimwambia amenenepa. Mara nyingi kuna sentensi moja iliyosemwa na mtu, fundi, wifi, hata mchumba, na msichana ameibeba miezi. Fundi anaweza kulitoa gauni kwenye mishono. Nimewahi kulishuhudia likifanyika usiku wa kuamkia kupamba, kwa dakika 40, watu wakiendelea kupiga vigelegele chumba cha pili.

Chupa usiitupe, wala karatasi yake. Vitie kwenye mfuko mmoja na kitabu cha mavyaa na vidonge vyake vya sukari, uende navyo kesho. Daktari aione chupa, na mwombe akusaidie kuripoti kwa Bodi ya Famasia na Sumu, maana yule muuzaji ana wateja wengine, na mmoja wao huenda ana presha asiyoijua. Dawa inanunuliwa kwenye kemisti chenye leseni ukutani. Mikoba ya saluni haina leseni.

Limebaki la mavyaa. Ulimuuliza mbele ya watoto, kwa hiyo muombe radhi mbele ya watoto. Mpikie wewe kahawa yake asubuhi, ukifungue kitabu, umuoneshe ile 3/52 kwa kidole umsomee: "Mama, daktari ameandika kwamba umemwambia huna hamu wiki 3. Sisi tulisoma vibaya, na mimi nikakusemea lisilokuwepo." Usiongeze "lakini". Akinyamaza, nyamaza naye, mwache anywe.

Na kijana wako wa kidato cha 3, aliyekisoma kitabu cha nyanyake kama karatasi ya mtihani, mpe kazi ya usiku huu: alale chumba kimoja na nyanya, na bilauri ya maji ya sukari iwe karibu ya kitanda. Akiona anatokwa na jasho la baridi, amuamshe, ampe, kisha akuamshe wewe.

Shangazi